Ukuta wa Upande wa Wanawake

Mpendwa Mshauri,

Salamu kwako na kwa wote wanaolisoma gazeti hili, hata wale wanaoliazima. Naomba msaada, na kama mezani kwako kuna barua zilizotangulia naomba uzisogeze kidogo, kwa maana mvua ya huku kwetu haingojei zamu yake.

Mimi ni fundi wa kuchoma matofali na kujenga, mtu wa Mbozi, nina mke na watoto watano, nimebatizwa, na mwaka huu ni wa tatu nikiitwa mzee wa kanisa, neno ambalo nikiliandika sasa mkono unakuwa mzito. Kazi hii sikufundishwa darasani. Nilikwenda Kitwe kwenye migodi ya shaba kama vijana wenzangu, nikapewa kubeba matofali ya Wazungu, nikayabeba mpaka nikayajua kama mama anavyowajua watoto wake, nikarudi nyumbani na mwiko, timazi na kifua kilichojaa, na hapa kwetu hapakuwa na mtu mwingine wa kunipinga.

Mwaka 1951 usharika wetu ulikubaliana kujenga kanisa la tofali la kuchoma, kwa sababu lile la fito na udongo lilikuwa limeanza kuinama kama mtu anayetafuta sindano, na kila nyumba ikaambiwa ifyatue matofali mia moja, na kila nyumba ikatia alama yake ili hesabu isigombewe, mwingine msalaba, mwingine vidole vitatu, mwingine kwato la mbuzi, na kulikuwa na mjane mmoja, Bibi Ketrina, mgongo wake umepinda na watoto wake wote wamemtangulia, naye akafyatua sita. Sita, Mshauri, na watu wengine wanaleta mia. Maji aliyachota kwa kibuyu, udongo aliukanyaga mwenyewe akishika mti, na juu ya kila tofali alibana suke la ulezi likaacha chapa yake. Sisi wanaume tulicheka kidogo, si kwa ubaya. Nilipoyashika matofali yale niliacha kucheka, maana kingo zake zilikuwa zimenyooka kuliko zangu.

Wazee walisema kwa kuwa sichukui ujira niruhusiwe kuchoma na matofali yangu ya nyumba katika tanuri lilelile la kanisa. Hapo sikuiba kitu. Nataka ulielewe hili kwa sababu ndilo ninalojitetea nalo kila siku ninapoamka.

Sasa sijui kama wewe umewahi kuona tanuri, basi nikueleze. Matofali hupangwa kama nyumba isiyo na vyumba, chini huachwa midomo ya kutia kuni, na yale yaliyo tumboni karibu na moto huiva mpaka ukiyagonga yanalia kama kengele, lakini yale ya nje, ya ngozini, hupata joto la kusikia habari tu. Fundi ndiye anayeamua lipi lilale wapi. Hakuna mwingine anayejua. Mimi nikapanga ya kwangu tumboni na ya Bwana nikayapanga ngozini, si yote, kwa sababu yalikuwa elfu nane na tumbo lina nafasi, lakini kila palipokuwa na mahali pazuri mkono wangu ulikwenda kwanza kwenye rundo langu, wenyewe tu, kama mkono wa mtoto kwenye nyama. Halafu kuni hazikutosha. Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa, watu wako mashambani, Mzee Anania, mmoja wa wazee wale, akaniuliza kama watu waitwe walete mzigo mmoja mmoja zaidi, nami nikamwambia, "Yatatosha." Neno moja. Nilitaka na mimi kwenda kuchuma kahawa yangu, maana ndiyo iliyokuwa ininunulie bati.

Tulipofungua tanuri, ya nje yalikuwa rangi ya kiazi kibichi. Ukiligonga moja linasema pu, kama umegonga godoro. Dawa yake inajulikana, ni kuyarudisha motoni, wiki mbili na kuni, lakini siku ya kuweka kanisa wakfu ilikwisha kutangazwa na wageni wa Rungwe wamekwisha kualikwa, nikaona haya kusema. Nikajenga. Ukuta wa mbele nikaujenga kwa yaliyoiva kwa kuwa wageni wangeingilia pale, na nyuma ya mimbari hivyohivyo, na upande wa wanaume hivyohivyo, na mabichi yote nikayatia katika ukuta wa upande wa wanawake, nikapiga lipu, nikapaka chokaa nyeupe mpaka watu wakafinya macho. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini upande ule. Jibu ni kwamba wanawake hawana desturi ya kugonga kuta.

Siku ya wakfu mchungaji alihubiri juu ya mtu anayemtolea Mungu mnyama kiwete na kumwacha nyumbani aliye mzima, akahubiri vizuri sana, kisha akaniita mbele, akauinua mkono wangu huu mbele ya watu wote, akasema mkono huu haukumtolea Bwana kilema. Watu wakaimba. Wiki iliyofuata wakanichagua mzee wa kanisa.

Mwaka uliofuata nikajenga nyumba yangu, vyumba vitano, bati juu, nyumba ya kwanza ya tofali la kuchoma kwa mtu mweusi katika kijiji chetu, na nilipofika juu ya mlango nikashika tofali lenye chapa ya ulezi. Nikatafuta, nikayapata yote sita. Bibi Ketrina alichelewa kuyaleta, nikakumbuka nilikuwa nimeyasukumia katika pengo la mwisho tumboni, katikati ya yangu, na siku ya kufungua yakabebwa pamoja na yangu. Yalilia kama kengele. Kutoka kwangu mpaka kanisani ni mwendo wa kumaliza wimbo mmoja, na matofali sita ni kikapu kimoja, lakini kikapu kile sikukibeba. Niliyajenga, nikapiga lipu juu yake. Mwaka huu lipu imebanduka, na moja limejitokeza, na kila niingiapo kwangu napita chini ya suke la ulezi la mjane.

Mvua za mwaka wa kwanza hazikufanya neno. Za mwaka wa pili zilianza kuleta unyevu chini ya ukuta ule, nami nikaenda Jumamosi watu wanapofagia, nikabonyeza kwa kidole, kidole kikaingia mpaka kiungo cha pili kama nimebonyeza ugali. Nikaziba kwa chokaa. Watu wakaona naziba, wakasema tazameni fundi wetu asivyoichoka nyumba ya Bwana, na mchungaji akanitaja katika maombi. Mwaka huu, mvua za tatu, ukuta umetoa tumbo. Nimening'iniza timazi mara mbili nikisingizia kuweka sawa dirisha. Mara ya kwanza ulikuwa umetoka vidole viwili. Jumamosi iliyopita vitatu. Na juu ya ukuta huo, Mshauri, ndiko zilikolala kenchi zinazobeba bati lote.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikuandikie, maana hayo mengine ningeweza kufa nayo. Mke wangu, Ruti, alikuwa anakaa penye ukuta huo, benchi la tatu. Nilimwambia ukuta una baridi, utamwumiza kifua, ahamie kati. Alinitazama, kwa kuwa mimi si mtu wa kuuliza habari za kifua chake, akasema, "Asante, baba, leo umenikumbuka," akahama na watoto wetu. Na nafasi yake akampa Bibi Ketrina, kwa wema tu, kwa sababu bibi yule miaka yote alikaa mwisho wa benchi bila cha kuegemea na mgongo ulikuwa unamla. Sasa anaegemea. Anaweka shali yake pale penye tumbo la ukuta, panamfaa, anasema ni kama pamefinyangwa kwa ajili yake. Na Jumapili mbili zilizopita, wakati wa maombi ya kila mtu, alisimama akasema, "Bwana, umbariki fundi, maana sijazaa mtoto aliyebaki wa kunishika, na yeye amenijengea mahali pa kuegemea."

Nilitoka nje nikasingizia kikohozi.

Nimejaribu kusema. Nilikwenda kwa mchungaji, nikamwambia nimemtolea Bwana kilicho hafifu, moyo wangu haukuwa mzima katika kazi ile. Akanishika bega, akasema sisi sote, mzee, sisi sote, na kwamba unyenyekevu wangu umemfundisha jambo, na akaniomba siku ya Pasaka niseme maneno machache kwa watu juu ya kumtolea Mungu kilicho bora. Pasaka sharika nne zitakutana kwetu. Wanawake watabanana kutoka ukuta mpaka njia ya kati. Nilisema nitasema. Mshauri, niliitika. Niliporudi nyumbani nilikaa juu ya jiwe nje, nikashindwa kuingia mlangoni mwangu.

Siombi tena kama zamani. Nikifika "utusamehe" naliruka neno hilo. Nimeomba ombi moja tu mwezi huu wote, kwamba ukuta uanguke siku ya Jumanne, wakati hakuna mtu, na mvua ibebe lawama. Nimewaza kurudi Kitwe. Nimewaza kwamba Mungu alinikataa siku ile nilipopanga tanuri na haya yote ni moshi tu unaotoka baadaye.

Nakuuliza, je, naweza kuubomoa kidogokidogo kwa siri na kurudisha matofali yaliyoiva moja moja bila kusema kitu? Je, Mungu anapokea tengenezo la kimya? Na mtu aliyemtolea Mungu ngozi ya tanuri akajiwekea tumbo, amebakiwa na nini cha kutoa?

Nakusihi ukichapa barua hii ufute majina yote. Gazeti lenu kwetu hufika nakala moja, na Mwinjilisti Danieli hulisoma kwa sauti baada ya ibada, watu wakiwa bado wamekaa, kwa kuwa wengi hawajui kusoma, na ukurasa wako wanaupenda kuliko mahubiri. Nitakuwa nimekaa pale nikisikiliza. Jina langu na sanduku langu la posta siandiki. Barua hii nimempa dereva wa lori litokalo Tunduma aitie posta Mbeya, kwa maana karani wetu anaujua mwandiko wangu.

Ni mimi,
Fundi, Mbozi
Februari 1954

JIBU

Fundi,

Barua yako ni kurasa sita. Tano ni za roho yako na moja ni ya ukuta. Mimi nitaanza na ukuta, kwa sababu roho yako haijatoka vidole vitatu juu ya kichwa cha mjane.

Unaniuliza kama unaweza kurudisha tofali moja moja kwa siri. Wewe ni fundi, mimi ni mtu wa kalamu, lakini hata mimi najua kwamba ukuta uliotoa tumbo ukiuchomoa tofali moja utakupa mengine yote kwa pamoja, na bati juu yake. Hukuuliza swali lile kama fundi. Uliuliza kama mtu anayetafuta njia ya kutoonekana, na njia hiyo umeitembea miaka mitatu, unaijua inapofika. Kwa hiyo hapana.

Nimekuonea huruma, nisikufiche. Nilipofika pale ulipotoka nje na kikohozi cha uongo niliiweka barua chini nikaenda kusimama dirishani. Nami nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni. Daftari za watoto wa machifu nilizisahihisha nimekaa mezani, na za watoto wengine nikizisahihisha huku natembea. Kuna mmoja wao leo ni mtu mzima, hajui kugawanya, na kila nikikutana naye hunivulia kofia. Basi najua ladha ya heshima usiyostahili. Ladha hiyo haimuui mtu. Ukuta unaua.

Sasa nikukaripie, maana hukunilipia stempu ili nikubembeleze. Unalia sana juu ya tanuri. Tanuri lilikuwa tamaa, na aibu iliifuata nyuma, na kila mtu anayesoma gazeti hili amewahi kupanga tanuri lake namna hiyo, awe mpishi, au karani, au mchungaji mwenye hotuba ya zamani. Kosa lako kubwa si lile. Kosa lako kubwa ni benchi la tatu. Siku ile ulijua kabisa ukuta utafanya nini, ukamtoa aliye wako, ukamwacha aliyekuja baada yake akae. Ulimtoa Ruti kwa maneno machache. Kuwatoa wanawake wote kungehitaji maneno yaleyale na sauti kubwa kidogo. Tena mkeo alikushukuru kwa kumkumbuka; huyo naye umempa tofali bichi lililopakwa chokaa, na ndilo pendo aliloliona kwako mwaka mzima.

Wala usinidanganye kwamba ulikwenda kuungama kwa mchungaji. "Kilicho hafifu," "moyo wangu haukuwa mzima." Maneno hayo hata malaika angeyaitikia. Hukumwambia habari ya tofali. Rudi kwake useme: matofali ya ukuta wa upande wa wanawake ni mabichi, nilijua nilipoyajenga, ukuta umetoka vidole vitatu, leo mtu asiingie. Hapo uone kama atakushika bega.

Unauliza umebakiwa na nini cha kumtolea Mungu. Mimi naona una nyumba ya vyumba vitano ya matofali yanayolia kama kengele.

Naam, hiyo. Kwanza mwambie Ruti, kabla ya mtu yeyote, ukiwa umekaa, na umwambie na habari ya kifua chake. Halafu nenda kwa mchungaji na kwa Mzee Anania siku hiyohiyo. Kanisa lifungwe, watu wasali nje hata kama kunanyesha, ukuta uegemezwe miti kutoka nje na kenchi zishikiliwe kwa nguzo, kisha ubomolewe kuanzia juu, mbali na watoto, na wewe uwe mwenye kusimama karibu. Mabichi yarudi motoni. Kuni ukakate wewe. Na yatakayopungua yatoke kwako, yakianza na yale sita juu ya mlango wako. Mlango wako utabaki wazi kwa muda. Weka mkeka. Uzee wa kanisa uuache kabla hujaambiwa uache, na ile hotuba ya Pasaka umrudishie mchungaji, isipokuwa akitaka useme ukiwa na mwiko mkononi.

Sikuahidi kwamba watu watakusamehe upesi. Huenda wale waliouimbia mkono wako hawatautaka hata kuusalimu, na watoto wako watachekwa kisimani, na kahawa yako itachumwa bila msaada wa jirani. Huenda Bibi Ketrina mwenyewe hatakutaja tena katika maombi yake. Sina dawa ya hayo. Ila ondoa lile ombi la Jumanne. Umekuwa ukimwomba Mungu akusaidie kuficha, kisha unashangaa kwa nini hajibu.

Limebaki jambo moja, nalo hutalipenda.

Hukuandika jina wala sanduku. Nimewaandikia wachungaji wa Mbozi ninaozijua anwani zao, nao ni watatu, nikawaomba wagonge kuta zao. Kama wako ni wa nne, barua hiyo haitakufikia. Kwa hiyo njia niliyobakiwa nayo ni ukurasa huu. Uliniomba nifute majina yote. Lako hukunipa. Ya wengine nimeyaacha kama ulivyoyaandika, na la Bibi Ketrina nimeliacha kwa makusudi, kwa sababu yeye ndiye anayeegemea. Ukinilaumu, nilaumu ukiwa nje chini ya mbingu, naye akiwa karibu nawe, mzima.

Wewe nimekwisha kukujibu. Sasa naongea na Ndugu Danieli.

Mwinjilisti Danieli, kama umefika hapa na watu bado wamekaa, usimalize ukurasa. Weka gazeti chini. Waambie wanawake wa upande wa ukuta wasimame polepole, wasisukumane, wasiguse chokaa, wawashike watoto, watoke kwa mlango wa upande wa wanaume. Wanaume wangoje. Kama kuna makanisa mengine yanayosoma haya, nao watoke. Hakuna aliyewahi kufa kwa kusimama nje ya kanisa dakika kumi, na fundi wenu, kama hana hatia, atafurahi kugongewa ukuta wake.

Na kwenye benchi la tatu atakuwapo bibi mwenye mgongo, ambaye hatasimama upesi, kwa sababu hakuna wa kumshika. Msimkimbilie ninyi wengine. Ngojeni kidogo, muone ni mwanamume gani atakayevuka njia ya kati kwenda kumpa mkono.